Somo: kutafuta visanduku vya mihuri pamoja na watoto

Katika mchezo huu watu huficha visanduku, na wengine huvitafuta kwa kufuata dokezo, yaani maelezo mafupi ya mahali kisanduku kilipo. Ulizaliwa Dartmoor, nyanda za juu zilizo kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott wa Chagford, aliyekuwa akiwaongoza wageni, aliacha chupa huko Cranmere Pool, mahali pasipofikika ila kwa kutembea mwendo mrefu kwenye kinamasi, ili kila aliyefika atie kadi yake ndani. Baadaye watu walianza kuacha barua humo, na aliyefuata ndiye aliyezichukua na kuzipeleka posta. Siku hizi ndani ya kisanduku hukaa daftari na muhuri. Jarida la Smithsonian liliuandika mchezo huu mwaka 1998, nao ukapata wapenzi wengi Marekani.

Hatua ya kwanza: vifaa. Tayarisheni muhuri wenu, pedi ya wino, daftari lisilo na mistari, kalamu, ramani na dira.

Hatua ya pili: muhuri. Msinunue wa dukani, kwa sababu kwa maoni yangu utamu wote wa mchezo umo katika muhuri mliouchonga wenyewe. Mtoto achore picha kwa penseli laini, kisha karatasi ilazwe kifudifudi juu ya raba kubwa ya kufutia na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko, hadi risasi ya penseli ihamie kwenye raba. Picha itatokea imegeuka, na ndivyo inavyotakiwa, kwani ikipigwa kwenye karatasi itarudi sawa, hata herufi zake. Kisu kishikwe na mtu mzima, naye aondoe sehemu zisizo na mistari kidogo kidogo, akielekeza makali mbali na vidole. Binti yetu alichora kobe, na mguu mmoja ukakatika nikiwa nachonga. Amekataa katakata tuchonge mwingine, na kobe huyo wa miguu mitatu sasa yumo katika madaftari mengi ya watu tusiowajua.

Hatua ya tatu: kufuata dokezo. Madokezo ya Dartmoor aghalabu hutaja nyuzi za dira, kwa mfano kilele fulani nyuzi 140 na kona ya ukuta nyuzi 255. Elekezeni dira kwenye kimoja, kisha kingine, mkisogea taratibu mpaka vipimo vyote viwili vikubaliane; hapo ndipo muanze kuchungulia chini ya mawe. Dokezo likitaja hatua, zihesabiwe na mtu mzima, maana hatua za mtoto ni fupi.

Hatua ya nne: pigeni muhuri wa kisanduku katika daftari lenu, na muhuri wenu katika daftari la kisanduku, muandike na tarehe. Subirini wino ukauke, fungeni kifuniko barabara, kisha mrudishe kila kitu palepale, pamoja na jiwe lililokifunika.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada, je, mchezo huu ni sawa na ule wa kutafuta vitu kwa GPS?
Jibu: Ni ndugu, lakini ule ulianza mwaka 2000 na hutegemea setilaiti. Huku mnategemea dokezo, dira na macho yenu.

Swali: Shikamoo dada. Nimesikia jeshi hufanya mazoezi huko. Je, ni salama kwa watoto?
Jibu: Marahaba. Ni kweli, sehemu ya kaskazini, pamoja na Cranmere Pool yenyewe, imo katika eneo la kulengea shabaha. Angalieni ratiba ya mazoezi kabla ya kutoka nyumbani. Mkiona bendera nyekundu zimepandishwa, msivuke mpaka. Chuma chochote mkikikuta chini msikiguse, hata kama kinaonekana cha zamani.

Swali: Tunaweza kuficha kisanduku chetu wenyewe?
Jibu: Mnaweza, baada ya kupata ruhusa ya mwenye ardhi. Msikifiche ndani ya kuta, magofu wala makaburi ya kale ya mawe, na msitumie saruji. Chagueni chombo kisichopitisha maji, kisha mrudi mara kwa mara kukikagua, kwa kuwa daftari likilowa, mihuri ya wote waliotangulia hupotea.