Namna ya Kupima Mtikisiko wa Jengo Refu Wakati wa Upepo

Jengo la ghorofa nyingi halikai tuli upepo unapovuma. Huyumba kwenda na kurudi, na mwendo huo hupimika hata pale ambapo aliye ndani hahisi chochote. Jijini Kampala, wakati wa kuuvizia ni ule wa pepo kali zinazotangulia mvua, hasa kati ya Machi na Mei au Septemba na Novemba. Pepo hizo hazidumu, na anayeanza kupanda ngazi baada ya kuona vumbi likitimka barabarani huenda akafika juu zimekwisha. Vifaa viwe vimefungwa mapema.

Kwanza kadiria unachokitafuta. Gawanya 46 kwa kimo cha jengo katika mita, nawe utapata takriban mara ngapi linayumba kwa sekunde. Jengo la mita 92 hupata 0.5, yaani huenda na kurudi mara moja kila sekunde 2. Kadirio hilo laweza kukosea sana, lakini linakuonyesha pa kutazama.

Kifaa chenyewe ni akselerometa, yaani kipima mchapuko (jinsi kasi ya mwendo inavyobadilika). Ile iliyomo ndani ya simu inafaa kujifunzia tu, kwa sababu upepo ukiwa mdogo, mtikisiko humezwa na kelele za simu yenyewe, yaani mabadiliko ya ovyo katika vipimo vyake. Kiweke kifaa ghorofa ya juu kabisa, kikibanwa kwenye zege, si juu ya zulia wala kigae kilicholegea, na pande zake zilingane na kuta. Naona heri kifaa cha bei ya wastani kilichobanwa barabara kuliko cha ghali kilichotuliwa juu ya zulia. Ukiwa navyo viwili, viweke kwenye pembe mbili zinazokabiliana, maana jengo hujisokota pia, na kifaa kimoja cha katikati hakiuoni msokoto huo.

Jihadhari na jenereta. Umeme ukikatika, jenereta inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutikisa sakafu mara 25 kila sekunde. Kifaa chako kikichukua vipimo mara 25 kwa sekunde, na jenereta ikapungua kasi kidogo hadi 24.5, mchoro utaonyesha mtikisiko wa mara 0.5 kwa sekunde, sawasawa na ule unaoutarajia kutoka kwa jengo, ilhali ni wa uongo mtupu. Basi chukua vipimo mara 100 kwa sekunde au zaidi, na uandike daftarini saa ambayo jenereta, pampu ya maji au lifti ilianza kufanya kazi.

Rekodi nusu saa siku tulivu, kisha tena upepo unapovuma, huku kipimo cha upepo kikiwa juu ya mlingoti wa paa na saa za vifaa vyote zikilingana. Programu ya kuchambua mawimbi itatenganisha mitikisiko kwa kasi zake, na kilele cha mchoro kilicho karibu na kadirio lako, kinachokua upepo ukizidi, ndicho cha jengo. Kupata umbali wa kuyumba, zidisha 6.28 kwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde, kisha gawanya mchapuko kwa mraba wa jibu hilo: mchapuko wa mita 0.02 kwa sekunde mraba, kwa mitikisiko 0.5 kwa sekunde, hutoa milimita 2 hivi.

Hesabu hiyo haigusi mwinamo unaodumu wakati upepo unalisukuma jengo upande mmoja. Huo huhitaji kipokezi cha satelaiti juu ya paa na kingine ardhini, mahali pasipotikisika.