Somo: Umesikia baruti ukiwa na mshipi mkononi, ufanye nini?

Nalileta hili kwa wavuvi wa mshipi wa huku Mtwara, Shangani, Msangamkuu, Mikindani mpaka Msimbati, na wenzetu wa Kilwa nao wasome, maana wameona mengi. Juzi kijana mmoja aliniambia walisikia bomu la wavuvi haramu, wale wanaoua samaki kwa baruti, nje ya mwamba, wakakata kamba ya nanga wakakimbia. Akataka kujua kama walikosea. Kukimbia hawakukosea. Kosa ni kwamba walifika nchi kavu hawajui ilikuwa wapi, saa ngapi, wala chombo gani.

Siku hizi milipuko haisikiki kama ile ya mwaka 2014 na 2015, lakini haijaisha. Sasa tuende taratibu.

Hatua ya kwanza: usiusogelee mlipuko. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Changu na tasi wanaelea tumbo juu, nyumbani hakuna kitoweo, na mtumbwi wa jirani umeshaanza kuchota. Najua ugumu wake, nami niliwahi kuokota. Lakini mlipuaji anaweza kurusha la pili wakati wewe umeinama majini. Halafu doria ikitokea, samaki wapo kwako, yeye ameshaondoka. Eleza basi kwamba uliokota tu. Na hao wanaoelea ni sehemu ndogo: samaki kifuko chake cha hewa kikipasuka, mara nyingi huzama, akaozea chini juu ya matumbawe yaliyosagika. Tumbawe la jiwe hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe mwamba wa kimo chako umechukua miaka mingapi.

Hatua ya pili: hesabu sekunde. Ukiona maji yameruka juu, anza kuhesabu mpaka mlio ukufikie. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Kama hukuona maji, utasikia kishindo kwenye ubao wa chombo kwanza, kisha mlio wa hewani, kwa sababu sauti majini huenda zaidi ya mara nne ya kasi ya hewani. Ukihesabu kutoka kishindo cha ubao, basi kila sekunde mbili na kidogo ni kilomita.

Hatua ya tatu: shika alama, kama babu zetu walivyoshika mwamba wao bila kuuandika popote. Tafuta vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mathalani mnara wa simu nyuma ya mnazi uliopinda, kisha vingine viwili upande wa pili. Mistari inapokatana ndipo ulipo wewe. Mwenye simu ya kuonyesha ramani ahifadhi nukta, kisha aseme mlipuko ulikuwa upande gani na mbali kiasi gani.

Hatua ya nne: chombo. Rangi, tanga au mashine, namba ya ubavuni kama ipo, watu wangapi, nani amevaa miwani ya kuzamia. Picha piga ukiwa mbali na umejificha. Simu iliyoinuliwa baharini huonekana kutoka mbali, hasa jua la asubuhi likipiga kioo.

Hatua ya tano: peleka habari, lakini chagua masikio. Mimi nilikwenda ofisi moja, siitaji, nikaeleza yote mbele ya watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Kabla ya magharibi mlipuaji alikuwa ananisalimia kwa jina dikoni, na salamu ile haikuwa ya heri. Tangu hapo nasema na mtu mmoja, faragha, na naomba jina langu lisiandikwe. Anza na kiongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za pwani, kama unamwamini, au ofisa uvuvi wa halmashauri. Polisi ni 112. Ukiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, waambie askari wa hifadhi. Eneo lile linalindwa tangu mwaka 2000. Na ukihisi kuna anayepokea chochote ili doria ichelewe, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113.

Habari yenyewe iwe fupi: "Jumanne, saa 1:20 asubuhi, maji yanatoka. Milipuko miwili. Kilomita mbili mashariki ya nilipokuwa. Mtumbwi wa bluu wenye mashine, watu wanne, wawili walipiga mbizi." Basi. Usiongeze ulichosimuliwa.

MASWALI

Kutoka Mikindani: Nitajuaje si baruti ya machimbo ya mawe?

Sikiliza ubao. Mlipuko wa nchi kavu huusikii kwa nyayo kama unavyousikia wa majini. Tena machimbo hayamwagi samaki.

Kutoka Lindi mjini: Usiku naona taa nyingi baharini. Nitoe taarifa?

Taratibu, ndugu yangu. Wale wengi ni watu wa dagaa, na kuvua dagaa kwa taa si kosa. Tusije tukawachosha doria bure.

Kutoka Kilwa Kivinje, mama muuza samaki: Kaka, mimi siendi baharini. Samaki wa bomu nitamtambuaje sokoni?

Shikamoo mama. Hana alama ya ndoana mdomoni wala mstari wa nyavu mwilini, lakini macho yana damu. Mpasue: uti wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama, matumbo yamechanganyika na damu. Nyama hulegea mapema. Dalili moja haitoshi, zikiwa tatu usinunue, na umkumbuke aliyekuletea.

Kutoka Msimbati: Picha nitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa?

Hapana. Kundi lile mlipuaji naye yumo, au shemeji yake.

Kutoka Msangamkuu: Mimi ninayemjua ni mjomba wangu. Ndiye aliyenilea.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Huku kwetu mpwa hamkalishi mjomba chini. Anayeweza ni mama yako, dada yake. Mweleze mama peke yake, jioni, watoto wakiwa wameshalala. Asimtukane, amuulize tu nani atamlisha ikimtoka mikono, maana waliokatika mikono kwa kazi ile wapo na anawajua. Mpeni muda wa mwezi mmoja, na katika mwezi huo usipande chombo chake hata akikuita kuvuta nanga. Akiendelea, rudi kasome hatua ya tano. Haikumtoa mjomba wa mtu.