SOMO: Virutubisho vya sungura, tuanzie kwenye nyasi kavu

Wakuu, wengi mnaniuliza mchanganye vitamini gani sungura wakue haraka. Nami nauliza kwanza: nyasi kavu zipo kizimbani? Kama hazipo, rudisha hela mfukoni.

Hatua ya 1: Nyasi muda wote. Chakula cha sungura huchachuka kwenye kifuko kikubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, na bakteria wa humo humtengenezea vitamini B na K. Baadaye anainama na kula kile kinyesi laini chenye utando, kama kichane kidogo cha zabibu, kabla hakijagusa sakafu. Usimshangae. Hicho ndicho kirutubisho chake cha kwanza, na dukani hakipo. Nyuzinyuzi zikipungua, kazi hiyo inavurugika na kuhara kunaanza.

Hatua ya 2: Protini. Wanaokua na mama wanaonyonyesha wanataka asilimia 16 hadi 18, na pumba ya mahindi peke yake haifiki. Mimi naongeza mashudu ya alizeti na mlonge. Majani ya mlonge anika kivulini, maana jua kali linapunguza vitamini A. Yakifikichwa kiganjani yakavunjika kama majani ya chai, saga. Kilo 10 zinatosha kwenye mchanganyiko wa kilo 100. Lusina, ule mti wa malisho, iwe kidogo sana. Ina sumu iitwayo mimosini, ukizidisha manyoya yanapukutika.

Hatua ya 3: Chumvi nusu kilo kwa kilo 100. Basi.

Hatua ya 4: Kitu kipya kiingie kidogo kidogo, siku 7 hadi 10. Pima uzito kila wiki kabla ya kulisha. Macho yanadanganya, hasa ya mwenye mali.

MASWALI

— Mkuu, nimebakiwa na chakula cha kuku wa nyama. Niwape?
Hapana. Baadhi hutiwa dawa za koksidia, vimelea vya utumbo, na baadhi ya dawa hizo ni sumu kwa sungura. Na antibiotiki za kuku usiguse bila daktari wa mifugo: mwaka juzi nilijifanya mjuaji, nikawanywesha ya kuku, nikazika sita ndani ya siku tatu. Dawa kama linkomaisini na amoksisilini za kunywesha zinaua bakteria wazuri wa tumboni.

— Wangu wanakojoa mkojo mweupe, ni figo?
Weupe kiasi ni kawaida. Sungura hufyonza kalsiamu kulingana na anayokula, ya ziada inatoka na mkojo. Ukiwa mzito kama uji wa chokaa, punguza unga wa madini.

— Majani ya parachichi je? Ninayo mengi.
Yana sumu, yaache mtini. Wape majani ya viazi vitamu, yakinyauka kwanza.

— Kupima, mizani ya jikoni inafaa?
Kwa vitoto, ndiyo. Mkubwa mtie kwenye ndoo yenye gunia chini, itundike kwenye mizani ya kuning'iniza, halafu toa uzito wa ndoo na gunia. Subiri atulie, la sivyo utaandika uzito wa mateke.