Kutambua na kupanga ubao wa ROM (chipu za kumbukumbu ya kudumu) M9312 kwenye PDP-11, kompyuta ya zamani ya DEC

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha soma namba kwenye mshikio wa ubao. M9312 ni ubao wa kuwasha kompyuta na pia kikomo cha Unibus, yaani hufunga mwisho wa njia ya mawasiliano inayounganisha mbao za mashine. M9302 ni kikomo tu, hauna ROM. Usizichanganye.

M9312 una soketi 5. Chipu ya soketi E20 hubeba majaribio ya mashine: 23-248F1 ni ya modeli za 11/04 na 11/34 na ina pia programu ya konsoli (ya kupokea amri unazoandika), 23-616F1 ni ya 11/60 na 11/70 na ina majaribio tu. Soketi 4 zilizobaki ni za diski na tepu. Kwa mfano, 23-751A9 huwasha diski za RL01 na RL02, na 23-756A9 ni ya diski ya RK05.

Anwani za soketi hizo 4, kwa msingi wa nane, ni 173000, 173200, 173400 na 173600. Jaza kuanzia ya kwanza bila kuruka, kwa sababu konsoli huzipekua kwa mfuatano huo. Linganisha alama ya pini 1 kabla ya kubonyeza. Miguu ya chipu hizi kuukuu hujipinda chini yake bila wewe kuona.

Washa. Ukipata alama ya @, andika L 173000 (kuchagua anwani), kisha E (kusoma kilichomo). Ikiwa 23-751A9 iko soketi ya kwanza, lazima uone 042114, yaani herufi DL. Ukiona namba nyingine, kwanza safisha miguu. Kisha andika DL0 ili kuwasha diski.

Ukichoma nakala ya ROM, usitumie faili la kawaida la yaliyomo: biti ndani ya chipu hazikupangwa moja kwa moja.