Kutapika msimu wa tumbaku: si kila mara ni mimba

Uchumaji wa tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, huangukia kwenye mvua. Mama anakumbatia furushi la majani yanayochuruzika maji, hadi blauzi na kanga zinaloa chapachapa. Ikifika saa nne kichwa kinagonga, kizunguzungu, anatapika. Kama ana mimba changa, nyumba nzima itasema "ni mimba hiyo", na kesho alfajiri yuko shambani tena.

Nikotini, sumu iliyomo kwenye jani bichi la tumbaku, huyeyuka kwenye umande na maji ya mvua, kisha hupenya ngozi na kuleta kutapika huko. Si lazima mtu avute sigara. Kwa mjamzito haiishii kwake: hupita kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na kwa kuwa hubana mishipa ya damu, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo au kabla ya siku zake.

Angalieni hivi: kama kutapika kunamjia siku za kuchuma na kunapoa akishinda nyumbani siku moja au mbili, shukuni tumbaku. Kliniki aseme wazi kwamba anachuma, maana muuguzi hawezi kubahatisha.

Mjamzito asichume, wala asifunge majani mabichi kwenye vijiti. Najua bani, banda la kukaushia tumbaku, halisubiri na mikono ni michache. Basi yeye apewe kazi ya karanga, mwingine ashike zamu yake. Ikishindikana kabisa, subirini umande ukauke, avae koti la mvua na glavu za mpira, na nguo ikiloa abadilishe palepale. Akirudi aoge kwa sabuni kabla ya kushika sufuria.

Dawa za wadudu nazo zina yake. Aliyebeba bomba la kupulizia afue mwenyewe nguo alizopulizia, kwa beseni lake. Wengi humwachia mke mjamzito azifikiche kwa mikono mitupu. Wala baba asijione yuko salama. Mwaka 1977 huko California, wanaume waliotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo fundo wanaoshambulia mizizi ya mimea, walipimwa wakakutwa mbegu zao zimepungua, wengine hawana kabisa. Lebo yenye utepe mwekundu ni sumu kali. Ulizeni kwanza kama ipo ya utepe wa kijani au bluu inayofanya kazi hiyohiyo.

Chupa ikiisha, suuzeni mara tatu, maji hayo yarudi kwenye bomba, kisha itobolewe kitako isije ikageuka chombo cha mafuta ya kula.