Namna ya kumhoji mzee kuhusu polisi wa zamani Mombasa

Kama una babu ama bibi Mji wa Kale au Majengo na unataka akuhadithie maisha na polisi wa enzi za mkoloni, fanya haraka, manake waliojionea wenyewe wamebaki wachache. Nenda baada ya alasiri, beba kashata za kuteremshia kahawa, na simu usiitoe kabla hujaomba ruhusa, wengine wakiona unarekodi tu wanaanza kuongea kama wako kortini.

Sasa maswali. Ukiuliza "polisi wa zamani walikuwaje?" utajibiwa "walikuwa na adabu, si kama hawa wa sasa," basi, imeisha. Uliza vitu vya kushikika. Askari alivaa nini miguuni? Alikuja na baiskeli ama kwa miguu? Akigonga mlango usiku nani alimfungulia? Mtu akishikwa na tembo la mnazi nani alienda kumtoa? Na majirani wakigombana walianzia stesheni, kwa mudiri (ofisa wa utawala wa enzi hizo), kwa kadhi, ama yaliishia barazani tu kwa wazee?

Kipande kiulizie polepole. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kubana watu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 abebe karatasi yenye alama za vidole, mwajiri wake na mshahara, na wengi waliitia kwenye kikebe cha chuma wakakining'iniza shingoni. Lakini huku pwani nani ahesabiwe mwenyeji na nani Mwarabu lilikuwa jambo la kuvunjiana heshima, kuna nyumba bado linauma, so hilo usilitoe mbele ya wageni.

Halafu piga hesabu ya miaka, wengi hapa ndio huboronga. Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895 mpaka 1958. Aliyezaliwa 1960 akikwambia aliona wafungwa wakitolewa pale, ameyapata kwa mamake, si muongo, ila wewe andika "alihadithiwa." Mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Mombasa wa Januari 1947 ni vilevile, muulize alikuwa na umri gani wakati huo.

Mkimaliza, kabla hujazima simu, taja jina lake, mtaa na tarehe, usijidanganye eti utaandika baadae. Na majina ya waliofungwa yafiche, wajukuu zao mnaswali nao msikiti mmoja.