Somo: Kutoka Caravan hadi kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege kubwa, namna ya kujiandaa na mtihani wa simuleta

Wakuu, kila shirika likitangaza nafasi za marubani wasaidizi, maswali yanayokuja ni yaleyale, kwa hiyo nayajibu yote hapa. Namlenga hasa rubani wa Caravan, ndege ndogo ya injini moja, yule anayepeleka watalii Serengeti au anayevuka Dar na Zanzibar kutwa nzima. Mkono wake ni mzuri na upepo wa pembeni haumtishi. Kinachomponza kwenye simuleta, yaani mashine inayoiga ndege, ni mazoea mawili: kuruka kwa kuangalia nje, na kufanya kila kitu peke yake kimyakimya.

Kabla ya yote, elewa anayekupima anatafuta nini. Hatarajii uijue ndege kubwa kama 737 ya jeti au Q400 ya panga boi, hiyo utafundishwa ukishaajiriwa. Anataka kujua kama unafundishika. Ndiyo maana ukivuruga zoezi anaweza kukueleza kosa na kukuambia urudie. Kwangu mimi, marudio hayo ndiyo mtihani wenyewe. Akikwambia ulichelewa kuongeza nguvu kwenye kona, mara ya pili aone umeiongeza mapema, hata kama kimo kimeyumba kidogo.

Hatua ya 1: Kariri pua na nguvu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Ndege kubwa hairushwi kwa kufukuza mishale ya vipimo. Unaweka pua kwenye digrii fulani, unaweka nguvu fulani, unapiga trimu (kuondoa uzito kwenye usukani), kisha unasubiri. Kwa 737-800 yenye uzito wa kati, ikiwa kwenye kimo cha chini na flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) zimefungwa, kasi ya noti 210 (maili za baharini kwa saa) utaipata kwa pua digrii 5 hadi 6 na N1, yaani kipimo cha mzunguko wa injini, kati ya asilimia 55 na 60. Kwenye mteremko wa mwisho ukiwa na flapu 30, pua inakaa karibu digrii 2.5 na N1 karibu asilimia 55. Uzito ukibadilika na namba zinasogea, lakini tayari una pa kuanzia.

Kona kali ya digrii 45 ni zoezi wanalolipenda sana. Kwenye mlalo huo mabawa yanabeba mara 1.41 ya uzito wa ndege, kwa hiyo bila kuinua pua kidogo na kuongeza nguvu, kimo na kasi vyote vitakukimbia. Ongeza pua na nguvu unapopita mlalo wa digrii 30, na uviondoe unaponyoosha mabawa. Wengi husahau kuviondoa, wakajikuta wamepanda futi 200 huku wakijipongeza kwa kona nzuri.

Na jambo ambalo Caravan haikufundishi: injini za 737 zimening'inia chini ya mabawa, hivyo ukisukuma nguvu pua inapanda yenyewe, ukivuta inashuka. Ukighairi kutua kwa nguvu zote, jiandae kuisukuma pua mbele na kupiga trimu mara moja.

Hatua ya 2: Hesabu za kichwani

Futi elfu moja za kushuka zinahitaji maili tatu za baharini. Kasi ya ardhini mara tano inakupa futi kwa dakika kwenye mteremko wa digrii 3: noti 140 ni futi 700.

Sasa angalia mtego wa Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Altimita, kipimo cha kimo, ikisoma 10,000, aliyezoea Dar anadhani ana maili 30 za kushukia, kumbe ana futi 4,700 tu za kupoteza, sawa na maili 14. Tena hewa ya kule ni nyepesi: noti 140 kwenye kipimo ni karibu 155 za kweli, kwa hiyo bila upepo utahitaji futi 775 kwa dakika, wala si 700. Ukilisema hilo kwa sauti wakati wa kupanga kutua, anayekupima ataandika kitu kizuri.

Hatua ya 3: ILS na holdi bila msaada

ILS ni mawimbi ya redio yanayokuongoza hadi njia ya kutua, na holdi ni kuzunguka sehemu moja ukisubiri zamu. Utaambiwa uruke bila otopailoti na bila flaiti dairekta, ile alama kwenye kioo inayokuonyesha pa kuelekeza pua. Fanya mazoezi ya kuingia holdi mpaka usihitaji kuchora. Hadi futi 14,000, mguu wa kutoka (kipande kilichonyooka cha kwenda mbali na kituo cha holdi) ni dakika moja, juu ya hapo ni dakika moja na nusu. Kwenye ILS sahihisha mwelekeo kwa digrii mbili au tatu, si kumi.

Hatua ya 4: Injini moja ikizima

Mguu kwanza: pedali ya upande wa injini iliyo hai, mpaka pua iache kukimbia. Shikilia mwelekeo, panda, usiguse swichi yoyote kabla ya futi 400. Anayekimbilia swichi anaweza kuizima injini iliyobaki hai.

Hatua ya 5: Ukiwa hurushi

Kwa kawaida mtaingia wawili na kubadilishana. Wengi wakimaliza zamu yao wanalegea, wakati bado wanapimwa. Soma vipimo, taja kasi ikipungua, shika redio, andika hali ya hewa, na mwenzako akilemewa mwulize umpunguzie nini. Usimwache aanguke ili wewe ung'ae. Wanaokupima ni makepteni, wanajiuliza kama wangependa kukaa na wewe safari ya saa tano.

Maswali ya wanachama

*Kipanga wa Arusha:* Mkuu, simuleta ya kompyuta nyumbani inasaidia?

Inasaidia sana kwa holdi, ILS na kuzungusha macho kwenye vipimo. Kwa mkono, hapana. Springi ya jostiki inairudisha katikati kila mara, wakati kwenye 737 unashikilia usukani kwanza, kisha unapiga trimu mpaka uzito uishe mkononi. Usijifunze trimu kwenye jostiki.

*Binti Anga:* Kaka, shikamoo. Mimi ni mfupi, naogopa pedali hazitafikiwa.

Marahaba dada. Rekebisha kiti na pedali kabla ya kuanza, na usikubali kuharakishwa. Kanyaga pedali mpaka mwisho, kushoto na kulia, huku mgongo umeegemea kiti. Kwenye A320, ndege ya Airbus, kuna vipira vidogo vyekundu na kimoja cheupe kwenye nguzo ya kati ya dirisha. Urefu wa macho ukiwa sawa, cheupe kinafunikwa na chekundu.

*Mzee wa Rufiji:* Nilipie saa ya simuleta kabla ya mtihani? Hela ni ngumu.

Kama unaweza, lipia kipindi kimoja, lakini baada ya kukariri namba na si kabla. Addis Ababa wana simuleta za Q400 na 737. Nenda na mwalimu na orodha ya mazoezi, maana ukienda peke yako utaishia kutua tu na kupiga picha. Hela ikikosekana, bandika picha kubwa ya vipimo ukutani, kaa mbele yake na uyasome mazoezi yote kwa sauti.

*Kipanga wa Arusha:* Na mwenzangu akikosea wazi kabisa?

Taja kipimo, si kosa: "kasi noti 125". Asipojibu, rudia. Asipojibu tena na ndege inaelekea hatarini, sema unaichukua, kisha ichukue.

*Binti Anga:* Nivae nini?

Nguo za ofisini na viatu vya soli nyembamba, uihisi pedali. Beba kalamu mbili.